Butembo na Beni: Bomba la pikipiki linapolia kama bunduki

Katika miji ya Butembo na Beni, hakuna king'ora cha kuonya raia hatari inapokaribia. Watu wana masikio yao tu. Usiku mlio ukisikika, nyumba nzima inanyamaza na kila mtu anajiuliza: umetokea upande gani? Ni karibu ama mbali? Utarudia? Kufuatana na majibu hayo, familia inaamua kulala, kujifungia ndani, ama kubeba watoto na kutoka. Kwa hiyo pikipiki yenye bomba la moshi lililokatwa si shida ya kelele peke yake katika sehemu hii ya Kivu ya Kaskazini. Inamnyang'anya mtu onyo ambalo huenda ndilo pekee alilo nalo.

Wakaaji wa Beni wanajua thamani ya onyo hilo. Tangu Oktoba 2014, mashambulizi ya waasi wa ADF yameondoa watu wengi katika vijiji vya wilaya ya Beni. Tarehe 13 Agosti 2016 watu waliuawa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Upande wa kusini, M23 iliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha Goma mwishoni mwa Januari 2025. Kila mara watu wengine walipanda Barabara ya Taifa namba 2 kuelekea Lubero, Butembo na Beni. Wengi wao hawakukaa kambini. Walipokelewa na ndugu, marafiki, ama watu wa kanisa, familia mbili ama tatu katika nyumba moja. Nyumba nyingi za namna hiyo ziko karibu na njia ambako wamotari wanapita tangu saa kumi na moja asubuhi.

Katika nyumba moja ya wilaya ya Bulengera, mjini Butembo, anakaa mama aliyetoka Kanyabayonga na watoto wanne. Aliyewapokea ana kijana anayefanya kazi ya umotari. Miezi ya kwanza, kijana alipokuwa akirudi jioni na kufunga mafuta kwenye mteremko, bomba la piki yake lilipiga pa, pa! Mtoto wa tatu wa yule mama alikuwa akiingia chini ya kitanda. Wenyeji walimwambia kila mara: "Ni piki tu, usiogope." Mtoto alijifunza. Baada ya muda aliacha kujificha, na watu wa nyumbani walifurahi kwamba amepona woga. Mama yake peke yake hakufurahi. Siku moja alimwambia kijana: "Mwanangu, sikukatazi kazi yako. Lakini sasa mtoto wangu akisikia bunduki ya kweli atasema ni piki tu. Nani atamwamsha?"

Kijana alijibu, "Mama, nisamehe, sikuwaza hivyo," na siku iliyofuata alipeleka piki garaji.

Maneno ya mama huyo yanaonyesha hasara mbili. Ya kwanza inajulikana: watu wanakimbia bure. Duka linafungwa kwa haraka, mwanafunzi anaanguka katika msongamano, mzee anaacha dawa yake nyumbani. Ya pili haizungumzwi sana: watu wanazoea. Mahali ambapo mlio mkali unasikika mara kumi kwa siku bila tatizo, ule wa kumi na moja hautaamsha mtu. Na motari mwenyewe hayuko salama. Akikaribia barieri usiku huku bomba lake linapasua sauti kama risasi, askari aliye na woga wake hana nafasi ya kuchunguza kwanza.

Si vizuri, hata hivyo, kuwatupia wamotari lawama zote. Butembo ni mji wa biashara na wa vilima, na bila pikipiki mgonjwa hafiki hospitali, muuzaji hafikishi maharagi sokoni. Wengi wa vijana hao wanaendesha piki ya mtu mwingine na wanapaswa kumletea pesa kila jioni. Bomba likipasuka kwa mashimo ya barabara, wananunua lile la bei ndogo, na mara nyingi la bei ndogo halina kitu ndani. Wengine wanakata kwa kusudi: wanaamini piki itapata nguvu, ama wanataka ijulikane kwenye msafara wa arusi. Sababu hizi si sawa, na kila moja inahitaji jibu lake.

Ili kulielewa jibu, inafaa kujua kwa nini bomba linafanana na bunduki. Si kwa bahati. Risasi ikitoka, nyuma yake kunatoka gesi ya moto yenye msukumo mkubwa, na kukutana kwake na hewa ya nje ndiko kunakotoa sehemu kubwa ya mlio. Katika moteri ya pikipiki mambo yanaenda vilevile. Moteri ya silinda moja ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, esansi inalipuka ndani yake mara 2,500 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Kila mlipuko unasukuma gesi ya moto ndani ya bomba. Bomba zima lina vyumba na mirija yenye matundu. Gesi inazungushwa, inapoa, inatoka polepole, na mawimbi ya sauti yanagongana na kupunguzana. Ukitoa vitu hivyo, kila mlipuko unafika barabarani jinsi ulivyo.

Undugu huo una historia yake. Hiram Maxim alitengeneza mwaka 1884 bunduki ya rashasha iliyotumiwa na wakoloni katika vita vingi vya Afrika. Mtoto wake, Hiram Percy Maxim, aliyekuwa injinia wa magari, alipata mwaka 1909 hati ya uvumbuzi wa chombo cha kupunguza mlio wa bunduki. Wazo lile lile, la kuzungusha gesi kabla ya kuiacha itoke, alilitumia pia kwa mabomba ya moteri. Kwa hiyo anayetoa vitu vya ndani ya bomba anarudisha mlio ambao mafundi walitafuta kuuzima kwa zaidi ya miaka 100.

Je, piki inapata nguvu? Kwa pikipiki ndogo za taksi, zile za sentimeta za ujazo 100 hadi 150, haipati nguvu ya maana. Moteri, karburateri na bomba vilipimwa pamoja kiwandani. Ukibadilisha kimoja bila kurekebisha vingine, mchanganyiko wa hewa na esansi unaweza kuharibika, moteri ikapata moto kupita kiasi, na valvu ya kutolea moshi ikaungua mapema. Sikio linadanganya: sauti ikiongezeka, mwendeshaji anasikia kama mwendo umeongezeka pia.

Ule mlio wa pa, pa! una sababu nyingine, na mara nyingi inaondoka kwa pesa kidogo. Kati ya moteri na bomba kuna pete ya kuziba. Ikichakaa, ama bulo zake zikilegea, hewa ya nje inaingia. Motari anapofunga mafuta kwenye mteremko, esansi ambayo haikuungua inafika kwenye bomba la moto, inakutana na hewa hiyo na kulipuka humo. Pete mpya, bulo zilizokazwa sawasawa na karburateri iliyorekebishwa vinaweza kumaliza shida.

Kuna pia tabia ambayo haihitaji fundi. Wengine, wakishuka kilima, wanazima kontakti piki ikiwa bado katika vitesi, ili kuhifadhi esansi. Lakini moteri inaendelea kuzungushwa na gurudumu, inavuta esansi na kuipeleka kwenye bomba bila kuichoma. Kontakti ikirudishwa, yote inalipuka mara moja. Hakuna kilichohifadhiwa, na bomba lenyewe linaweza kupasuka. Wengine wanafanya hivyo kwa mchezo, ili wasichana wageuke. Katika mji uliojaa watu waliokimbia vita, mchezo huo unapaswa kuisha.

Anayenunua bomba la kubadilisha anaweza kulichunguza kabla ya kulipa. Alinganishe uzito wake na wa lile la zamani: lililo tupu ni jepesi. Achungulie ndani kutoka nyuma: akiona mwanga moja kwa moja hadi upande wa pili, hakuna kitu cha kupunguza sauti. Aangalie kama mdomo wa bomba unakaa sawa kwenye moteri na kama vishikio vinafika mahali pake bila kulazimishwa. Bomba lililovutwa kwa nguvu ili lifike litatetemeka, litapasuka kwenye maungio, na kelele itarudi. Mara nyingine lile la zamani linaweza kuchomelewa na fundi mzuri, likadumu kuliko jipya lisilofaa.

Kelele ina pacha wake, yaani mtetemo. Moteri ya silinda moja inatetemeka kwa asili yake, na kiwanda kinaweka mipira, uzito na bulo za vipimo maalum ili mtetemo usifike wote kwa mtu. Piesi zisizofaa zinavunja mpango huo. Bulo ya moteri iliyo nyembamba kuliko tundu lake inaacha moteri icheze. Mpira mgumu kama ubao kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma haupokei tena mshtuko. Vyuma vya kukinga miguu vikifungwa kwenye bulo za moteri bila mpira vinatetemeka kama kengele. Kibebeo kizito kilichochomelewa nyuma kinaimba mwendo wote. Na vile vizito vidogo vya mwisho wa usukani, ambavyo wengi wanavitoa wakiona ni urembo, viliwekwa ili kupunguza mtetemo unaofika mikononi.

Fundi anayejua kazi anafuata utaratibu. Anaanza na mnyororo na magurudumu, kwa sababu mnyororo uliolegea ama rimu iliyopinda inatetemesha piki hata moteri ikiwa nzima. Kisha anakaza bulo za moteri, piki ikiwa imepoa. Anatoa vyuma vilivyoongezwa, kimoja kimoja, na kusikiliza tofauti. Kinachobaki anakiwekea mpira katikati. Hata kipande cha tairi ya zamani kinafaa kwa kibebeo na taa, lakini hakifai karibu na bomba, maana kitaungua. Mwishoni ndipo anafikiri kununua piesi mpya. Kwa namna hiyo mteja analipia kazi kwanza na piesi baadaye, na mara nyingi analipa kidogo.

Faida inamrudia motari mwenyewe. Madaktari wanajua ugonjwa wa mikono unaoletwa na mtetemo wa miaka mingi: vidole vinakufa ganzi, vinageuka vyeupe wakati wa baridi, vinashindwa kufunga kifungo cha shati. Asubuhi za Butembo, mji ulio juu ya meta 1,700, baridi hiyo ipo. Kwa masikio, taasisi ya Marekani ya usalama na afya ya wafanyakazi, NIOSH, inashauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, na 100 ni robo saa tu. Motari anafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Masikio yakipotea hayarudi, naye pia anayahitaji usiku ili kujua mlio umetokea wapi.

Sheria hazikosekani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka kila moteri iwe na chombo kinachofaa cha kupunguza sauti ya moshi. Kongo ina sheria yake ya barabara, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kenya ilitoa mwaka 2009 kanuni zinazoshughulikia kelele na mtetemo pamoja. Lakini popote pale, piki ikikamatwa, pesa ikitozwa, kisha piki ikarudi barabarani na bomba lile lile, mtaa haujapata chochote. Adhabu yenye faida ni ile inayoishia garaji: motari apewe siku kadhaa, arudi na bomba linalofaa, na mambo yaishe bila mzunguko.

Mashirika ya wamotari yanaweza kuanza bila kungoja polisi. Kwenye kila paringi kuna mkubwa wanayemsikiliza. Anaweza kusema kwamba piki inayopiga pa, pa! haipakii mteja mpaka itengenezwe. Wenye piki, ambao ndio wanaotoa pesa ya piesi, wanaweza kukubali kwamba siku ya kubadilisha pete hawatadai pesa yao ya jioni. Mteja pia ana neno: kabla ya kupanda anaweza kusema, "Kaka, bomba lako linaogopesha watoto nyumbani," na kungoja piki nyingine.

Piki ya yule kijana wa Bulengera ilihitaji pete moja na bulo mbili. Bado inasikika ikipanda kilima, kama piki zote, lakini hailipuki tena. Mama amewaeleza watoto wake upya: sauti ya piki ni ile inayonguruma na kupita. Ikisikika nyingine inayopasuka, wasiseme ni piki. Wamwamshe.