Mlango na Rafu

Neno maktaba tumelipata kwa Waarabu, pamoja na ndugu zake kitabu na katibu. Neno kusoma limekaa kwetu muda mrefu, na katika ukaaji wake halikupenda upweke. Mtu wa pwani asemapo kisomo, aghalabu hana maana ya mtu mmoja aliyeinamia karatasi kimya. Ana maana ya watu waliokaa pamoja, mmoja akitoa sauti na wengine wakiitikia. Tendi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ule wa Tambuka ambao nakala yake ya kale yataja mwaka unaolingana na 1728, zilipita masikioni zaidi kuliko machoni. Hata chuo, ambalo leo ni jina la mahali pa kufundishia, zamani lilikuwa jina la kitabu chenyewe. Kwa hiyo sherehe za kusoma zifanywazo siku hizi katika maktaba za umma, watu wa lugha mbalimbali wakikaribishwa kusoma kwa sauti mbele ya majirani zao, kwangu si jambo geni. Geni ni jumba lenyewe, ambalo historia yake haikuanza kwa ukarimu.

Nairobi inalo jumba la namna hiyo katika mtaa wa Banda. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, Lucie McMillan akimkumbuka mumewe, William Northrup McMillan. Nguzo zake ni nene, na simba wawili wa mawe wako mbele yake. Ilikuwa maktaba ya Wazungu. Mwaka 1949 UNESCO ilitoa ilani yake ya kwanza juu ya maktaba za umma, ikitaka zitumiwe na watu wote kwa usawa, pasipo kujali rangi wala imani. Simba wale waliendelea na ulinzi wao miaka 9 zaidi, hata mwaka 1958 ndipo watu wa rangi zote waliporuhusiwa kupita kati yao. Mwaka 1962 jumba lilikabidhiwa Baraza la Jiji.

Wanafunzi wangu, nisimuliapo habari hiyo, hudhani kwamba mlango ulipofunguliwa mambo yalikwisha. Mimi sidhani hivyo. Nyuma ya mlango iko rafu, nayo rafu yaweza kubagua pasipo bawabu wala simba.

Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. UNESCO iliitangaza mwaka 1999, kwa ukumbusho wa vijana waliouawa Dhaka mwaka 1952 wakiitetea lugha yao ya Kibengali. Mwaka mmoja nilialikwa siku hiyo na maktaba ya mtaani, upande wa mashariki ya jiji, niwe mwongozaji wa shughuli. Palikuwa na maturubai, vipaza sauti, ngoma, na soda kwa watoto. Mzee mmoja Msomali alisoma kutoka daftari lake mwenyewe. Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972 tu, naye alituambia kwamba alijifunza kuiandika lugha yake akiwa mtu mzima mwenye watoto. Bibi mmoja Mgujarati alisoma barua ya marehemu baba yake, akakatisha katikati, akaketi. Jambo moja lilinifurahisha kwa ajili ya kazi yangu: katika kujitambulisha, Mganda alisema okusoma, Mkikuyu gũthoma, Mjaluo somo. Neno moja lilikuwa limevaa nguo tatu.

Kisha akasimama mama mmoja Mjaluo, mtu mzima sana, akafungua Biblia aliyoileta kutoka nyumbani ndani ya kanga, akasoma kwa sauti isiyotetemeka. Alipomaliza watu walipiga makofi. Mjukuu wake, binti wa miaka 11 hivi, alimvuta nguo.

“Nyanya, umesema nini?”

“Nimesoma, mjukuu wangu,” akajibu, kisha akanigeukia mimi. “Mwalimu, mwelezee.”

Mimi Kijaluo sikijui. Kijana mkutubi ndiye aliyemfasiria mtoto kwa Kiswahili, vizuri mno. Kazi ya uhai wangu ni kukifundisha Kiswahili, na siku ile kilifanya kazi ya heshima: kila msomaji aliposhuka jukwaani, Kiswahili kilimchukua kikampeleka kwa wengine. Lakini nilimtazama yule binti, nikafikiri kwamba lugha iliyomfasiria maneno ya nyanya yake ndiyo iliyokwisha kukaa mahali pa maneno hayo. Mkalimani asiyetoka nyumbani mwishowe huwa mwenye nyumba. Sisi walimu wa Kiswahili husema habari za umoja kwa midomo iliyojaa. Twapaswa kusema na habari hii pia, ijapokuwa haitupendezi.

Baada ya soda, binti alikwenda kwenye rafu za watoto akataka kitabu cha lugha ya nyanya. Mkutubi alitafuta juu na chini. Palikuwa na Kiingereza kingi, sehemu kubwa ikiwa ni ya hisani kutoka ng'ambo, hadithi za theluji na farasi. Palikuwa na Kiswahili, haba na kilichochakaa. Cha Kijaluo hapakuwa. Wala isidhaniwe kwamba vitabu vya namna hiyo havikuandikwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu mwaka 1980. Grace Ogot alitoa Miaha kwa Kijaluo mwaka 1983. Viliandikwa, vikapigwa chapa, vikasomwa. Tena vitabu havili gharama kama maturubai, wala havirudishwi jioni kwa mwenyewe.

Nilimwambia mkutubi hayo, kwa ukali kidogo kuliko ilivyostahili mgeni aliyealikwa. Hakukasirika. Alileta daftari jipya, akapiga mistari mitatu: lugha, jina la kitabu, jina la aombaye. Akampa binti kalamu. Binti aliandika lugha, akasita.

“Kinaitwaje, Mwalimu?”

Nilifungua kinywa, lakini nyanya yake alikuwa amekwisha kuinama juu ya daftari. Alikisoma zamani, akasema, kikapotea katika kuhama nyumba. Akamtajia mjukuu herufi moja moja.