Kapasita Kwanza, Kasha Baadaye

Mteja akija kwangu Gitega anauliza mambo matatu: wati ngapi, besi inapiga vipi, na kama mashine itaingia chini ya meza ya televisheni. Sijapata mteja aliyeuliza kapasita zitakaa wapi. Ndiyo maana swali hilo nimelichukua kuwa langu kwa miaka yote hii, na kazi yangu yote, ukiichambua, imekuwa kulijibu vizuri.

Nazungumzia Gitega ya Kigali, katika wilaya ya Nyarugenge, si mji wa Gitega wa Burundi. Burundi naijua pia, kwani ufundi nilijifunzia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya gereji na ya baraza. Huko nilikuwa natengeneza redio. Nilipohamia Kigali mwishoni mwa miaka ya tisini, redio bado zilinilisha. Juu ya kilima cha Kinyinya palikuwa na mitambo ya redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, iliyoanza kurusha mawimbi mafupi mwaka 1965, na wazee wa Biryogo na Nyamirambo walileta redio zao zitengenezwe kabla ya taarifa ya jioni. Kisha FM zikaongezeka, simu zikaingia mifukoni, na kituo cha Kinyinya chenyewe kikafungwa Machi 2015. Muda mrefu kabla ya hapo nilishaona mkate unahamia wapi. Watu walikuwa na muziki kwenye simu, lakini hawakuwa na sauti. Nikaanza kuunda amplifaya.

Nyumba za Gitega zimebanana kwenye mteremko, na vyumba ni vidogo. Mtu anataka mashine ya kupiga rumba ya Kongo Jumapili, au kaswida wakati wa maulidi, lakini nafasi aliyo nayo ni ile iliyobaki kati ya televisheni na ukuta. Kwa hiyo makasha tunayotumia ni yale yanayopatikana: deki ya DVD iliyokufa, redio ya gari, king'amuzi cha zamani, au bati tunalokatiwa na kukunjiwa Gakinjiro, soko la mafundi ambalo siku hizi liko Gisozi. Mengi ni mafupi. Ndani ya kasha la deki ya DVD mara nyingi hupati hata milimita 50 za kimo. Na hapo ndipo kapasita kubwa inapokataa kusimama.

Nieleze kwa nini lazima iwe kubwa. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye transfoma na diodi nne, unatoka kwa vishindo 100 kila sekunde, na kati ya kishindo na kishindo hakuna kitu. Kapasita hujaa kishindo kinapofika na kutoa akiba yake kinapopungua, kama pipa la maji katika nyumba ambayo bomba hutoka kwa zamu. Muziki ukidai ampea 3 kutoka kapasita ya maikrofaradi 10,000, volti hushuka karibu 3 kabla ya kishindo kingine kufika. Ukiweka ya 4,700 ili upate nafasi, zinashuka zaidi ya 6, na hapo ngoma inapopigwa sauti inakatika na mvumo unapanda. Fundi anayepunguza kapasita ili kasha lifunge anampunja mteja kitu ambacho mteja hatakiona kwa macho, ila atakisikia kila siku.

Volti nazo hazibembelezi. Transfoma ya 30-0-30, ambayo ndiyo niliyoitumia zaidi na bodi za transista, inatoa kama volti 42 kila upande baada ya diodi. Usiku wa manane, mtaa ukilala, umeme hupanda na hizo 42 zinakwenda 45 au zaidi. Kapasita iliyoandikwa volti 50 itafanya kazi, lakini haina pa kupumulia. Mimi natia za volti 63. Ya maikrofaradi 10,000 na volti 63 huwa na kipenyo cha milimita 35 hivi na kimo cha milimita 40 hadi 50. Unahitaji mbili, moja ya upande chanya na moja ya upande hasi. Ongeza transfoma, ongeza bamba la kupozea, na kasha limejaa kabla hata hujaweka bodi ya sauti.

Watu wengi huilaza kapasita na kuipaka gundi, kisha wanafunga kifuniko. Nimefungua mashine nyingi za namna hiyo zikiwa zimeletwa kwangu kutengenezwa. Gundi ya moto hulegea mashine ikipata joto. Kapasita inashuka, na uzito wote unabaki kwenye miguu yake miwili iliyochomelewa risasi. Mashine zetu hazikai mahali pamoja. Zinapakiwa kwenye pikipiki, zinapelekwa kwenye harusi Kimisagara au Kicukiro, zinashushwa kwenye ngazi za udongo. Mtikisiko wa safari mbili tatu unapasua risasi pale mguuni. Silikoni yenye harufu kali ya siki ni mbaya zaidi, kwani asidi yake inakula shaba. Na ile gundi ya rangi ya kahawia iliyotiwa viwandani kwenye redio na televisheni za zamani, ikizeeka, huanza kupitisha umeme na kuozesha nyaya. Nikiikuta naikwangua yote kabla ya kupima chochote.

Njia yangu ni mkanda. Nakata ukanda wa bati laini la alumini, naukunja kuizunguka kapasita, ndani yake naweka kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, kisha naufunga kwa skrubu kwenye sakafu ya kasha. Kingo za ukanda nazipiga msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzika. Hili la kingo nalisisitiza kwa sababu lile gamba la plastiki lililovikwa kapasita si pambo. Kopo la alumini lililo chini yake limeunganika na mguu hasi kupitia maji ya dawa yaliyomo ndani. Kwenye kapasita ya upande chanya mguu hasi uko kwenye sifuri, kwa hiyo kopo likigusa kasha huenda usione kitu. Kwenye kapasita ya upande hasi, kopo lina volti 42 chini ya sifuri. Gamba likichanika na kopo likagusa kasha, umepiga shoti kwenye akiba yote ya upande ule. Mkwaruzo mmoja wa bati unatosha.

Kuna jambo la pumzi pia. Juu ya kopo utaona mistari iliyochorwa kwa msalaba au kwa herufi fulani. Pale ndipo kapasita itakapofunguka ikizidiwa, ili isilipuke. Kwa kopo la kipenyo cha milimita 18 hadi 35, watengenezaji hutaka nafasi isiyopungua milimita 3 mbele ya mistari hiyo; kuanzia milimita 40, nafasi iwe 5. Ukiisukuma hadi igote ukutani umeziba mlango wake wa dharura. Zile kubwa za skrubu, tunazozipata kwenye mitambo chakavu, zina kizibo kidogo upande wa vichwa vya skrubu. Hazisimamishwi kichwa chini hata siku moja, na zikilazwa, kizibo kinakuwa upande wa juu.

Joto nimelipigania kuliko yote. Kigali haina joto la Mombasa, lakini mabati ya paa yanachemka mchana, na katika nyumba zetu kila mashine hufunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, tena kizuri, cha mama mwenye nyumba. Siwezi kumwambia akitoe. Ninachoweza ni kuiweka kapasita mbali na bamba la kupozea na kutoboa matundu pande za chini na za nyuma, ambako kitambaa hakifiki. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 haikai miezi mitatu ikiwa kweli itaishi kwenye nyuzi 105 mfululizo. Lakini kwa kila nyuzi 10 unazopunguza, umri wake huongezeka karibu mara mbili. Kwenye nyuzi 65 saa zilezile 2,000 zinakuwa 32,000. Sentimita chache za umbali kutoka kwenye bamba ni miaka ya muziki ndani ya nyumba ya mtu.

Kwa kasha fupi sana nimefikia uamuzi ambao mafundi wenzangu wengine hawaupendi: naacha ile moja kubwa, naweka tano za maikrofaradi 2,200 kila upande. Zina kipenyo cha milimita 18 hivi na kimo kama milimita 36, zinasimama wima ndani ya deki ya DVD bila kuinama, na jumla yake ni 11,000. Zikigawana kazi kila moja hupata joto dogo. Wanaopinga wanasema viungo vya risasi vinakuwa vingi, na ni kweli. Basi chomelea kwa makini. Nazipanga kwenye bodi moja yenye njia pana za shaba, naongeza waya mnene juu ya shaba ile, na bodi yenyewe naiweka katikati ya transfoma na bodi ya sauti ili viwili hivyo viwe mbali. Nyaya za kutoka transfoma hadi diodi nazisokota pamoja, kwa sababu ndizo zinazobeba vishindo vikali, na nyaya za sauti nazipitisha ukuta wa pili. Sifuri zote zinakutana nukta moja tu.

Mwaka 2018 masharti ya kelele yalikazwa Kigali. Mamia ya makanisa yalifungwa kwa kutotimiza masharti ya majengo na mengineyo, na huku Nyarugenge misikiti ilitakiwa kuacha kuadhini kwa vipaza sauti. Kazi ya mashine kubwa ikapungua. Nilichokigundua ni kwamba mtu anayesikiliza kwa sauti ya chini ndiye anayesikia kila dosari. Mvumo ambao zamani ulifichwa na kelele sasa unakaa naye chumbani. Tangu hapo kazi imedai usafi zaidi, nami nimeipenda zaidi. Biryogo, ambako tangu 2021 magari yameondolewa kwenye mitaa kadhaa na watu wanakunywa chai nje kwenye lami iliyopakwa rangi, naambiwa spika isikike mezani tu, isivuke barabara.

Vijana wanaojifunza kwangu nawaanzishia kwenye usalama. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mzee, plagi nimeshaichomoa, mbona bado inatoa cheche?" Nikamwambia aweke bisibisi chini, achukue mita, apime. Akakuta volti 40 na ushee. Nikampa rezista ya kilo-ohmu 2.2 ya wati 2, nikamwonyesha jinsi ya kuichomelea moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita, ibaki humo daima. Ukizima mashine, rezista hiyo inaimaliza akiba ndani ya dakika mbili hivi. Ni kitu cha bei ndogo mno, na mashine nyingi za mitaani hazina.

Bandia nazo nawafundisha kuzitambua kwa mkono kabla ya mita. Kapasita kubwa iliyo nyepesi ina hadithi. Niliipasua moja mbele yao, yenye maandishi mazuri ya maikrofaradi 10,000, tukakuta ndani ya kopo kubwa kuna kopo dogo limezungushiwa karatasi. Hizo za kuchomoa kwenye mitambo ya zamani nazitumia, lakini kwanza naziamsha polepole kupitia rezista, napima, naziacha zikae na umeme huku nikizitazama. Kila ninayoifunga, mpya au kuukuu, naiandikia mwezi na mwaka kwa kalamu isiyofutika, ili fundi atakayefungua baada yangu ajue umri wake.

Kijana unayetaka kazi hii, nunua kapasita kabla ya kasha. Ziweke mezani pamoja na transfoma na bamba la kupozea, pima, ongeza nafasi ya mikanda, ya pumzi na ya hewa, ndipo utafute kasha. Kwa amplifaya ya wati 50 kila upande, kimo cha ndani cha milimita 60 kinatosha kabisa, na chini ya hapo tumia ndogo nyingi. Chini ya milimita 40, mwambie mteja ukweli kwamba kasha lake halifai, na umtafutie jingine.