Kipimo cha Dereva

Wendell Scott alizaliwa mwaka 1921 mjini Danville, katika jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa dereva wa mbio za magari yaliyofanana kwa umbo na yale yauzwayo kwa watu wote, na mwaka 1959 alitwaa ubingwa wa jimbo lake katika daraja moja la mbio hizo. Alikuwa Mweusi katika mchezo wa Weupe, zama ambazo ubaguzi ulikuwa sheria.

Kila atajwapo husimuliwa kisa kimoja. Tarehe 1 Desemba 1963, mjini Jacksonville, Florida, alishinda. Lakini wakuu wa mbio walimtangaza Buck Baker, wakampa kikombe. Saa kadhaa baadaye, watazamaji walipokwisha kutawanyika, walikiri kuwa hesabu ilikosewa. Scott alilipwa fedha za mshindi, kikombe akakikosa. Alifariki mwaka 1990. Jamaa zake walikabidhiwa kikombe cha ushindi ule mwaka 2021.

Dhuluma hiyo haifai kusahauliwa. Hata hivyo, mimi siridhiki simulizi ikomee hapo, maana huruma yaweza kuficha sifa ya mtu kama chuki ilivyoificha. Amliliaye Scott siku zote hapati nafasi ya kumtazama akiendesha.

Na tumtazame. Katika mashindano 495 ya daraja la juu alishinda moja tu. Lakini mara 147 alimaliza miongoni mwa kumi wa kwanza, yaani karibu mara tatu katika kila kumi. Tangu 1966 hata 1969 hakukosekana katika madereva kumi bora wa mwaka. Washindani wake wakubwa walisaidiwa na viwanda. Yeye alinunua magari yaliyokwisha kutumika, akayatengeneza kwa mikono yake na ya wanawe. Dereva wa namna hiyo hushindana na wenzake na huku akiibembeleza injini yake, kwani ikipasuka hana nyingine. Kufika mwisho kwake kulikuwa elimu, wala si bahati.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Scott alikuwa na haki mbili. Ya kikombe ililipwa baada ya karibu miaka 58. Ya kuhesabiwa fundi na dereva hodari, kabla ya kuhesabiwa mdhulumiwa, ni deni letu sisi tusomao na kuandika habari zake.