Sauti ya Maji Kabla ya Kuyaona

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ya kusimama mahali palepale kila tulipopanda mlimani kuteka maji, pale penye pindi ambapo njia itokayo mtaa wa Mulongwe iliuacha mji wa Uvira mgongoni na kuingia korongoni, alitua ndoo yake, akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika mlangoni pa mwenyewe, "Mume wangu, nyamaza usikie." Nikanyamaza, na baada ya punde, chini ya milio ya ndege na pumzi zangu mwenyewe, ikanifikia sauti ya maji yaliyokuwa yakianguka kutoka kimo cha watu wawili, nasi bado hatujayaona. Maporomoko yale hayakuwa na jina, wala sidhani kwamba msafiri yeyote aliwahi kuyatia katika daftari lake.

Ilikuwa safari nyepesi, ambayo hata mtoto wa miaka saba, nami ndivyo nilivyokuwa, aliimaliza bila kubebwa. Safu ya milima ya Mitumba husimama nyuma ya Uvira, kwetu Kongo, kama ukuta, na mji umebanwa kati ya ukuta huo na Ziwa Tanganyika, hata mtu akitoka barazani kwake hana budi kuchagua ama kupanda ama kuteremka. Lakini ndani ya korongo mlikuwa na kivuli, kangaga zilizokuwa zikilowa rasharasha mchana kutwa, na majimbi ambayo bibi alikunja majani yake yakawa kikombe, akaninywesha kwanza kabla ya kujaza ndoo. Miti iliyosimama juu ya maporomoko haikukatwa. Hapakuwa na askari wala karatasi iliyolikataza shoka. Wazee walisema tu kwamba kuikata ni kuyavua maji nguo, na jambo hilo lilitosha.

Baadaye halikutosha. Sikumwona aliyekata mti wa kwanza, na aghalabu watu hawaoni. Nilichoona ni kwamba makala, ndiyo mkaa kwa lugha ya watu wa pwani, yaliyokuwa yakiletwa sokoni kutoka milima ya mbali, yalianza kuletwa kutoka milima ya karibu, kisha kutoka makorongoni penyewe. Sina haki ya kumlaumu mama aliyeuza gunia ili alipe karo ya shule, maana chungu cha nyumbani kwetu nacho kilikaa juu ya makala yaleyale. Wakati ndevu zilipoanza kuniota, kijito chetu kilikuwa cha masika tu. Wakati wa kiangazi bibi, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kuchoka, aliniuliza kama bado kunasikika kitu pale penye pindi, nami nikamdanganya kwamba kunasikika.

Mwaka 1996, mwezi wa Oktoba, vita vilipoingia Uvira, tulikimbia kuelekea kusini pamoja na umati wa watu, tukapata chombo katika ufuko wa Fizi, tukavuka ziwa usiku. Alfajiri tuliiona ardhi ya Tanzania kaskazini ya Kigoma, na katika hofu yote ile jicho langu lilishikwa na jambo moja la ajabu: vilima vilikuwa vitupu, rangi ya udongo na majani makavu, kisha ghafula, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa kalamu, msitu mzito ulianza na kushuka mpaka majini, ukaendelea kwa muda, halafu ukakatika tena kwa mstari mwingine. Mzee mmoja chomboni alisema, "Hapo ndipo kwa sokwe." Hatukuuliza zaidi, watu wenye njaa hawana maswali juu ya sokwe.

Miaka 13 ilipita kabla sijaikanyaga ardhi hiyo ya sokwe, ndiyo Gombe. Nilikuwa nimerudi Uvira nikifundisha, na dada yangu, aliyekuwa amekwisha kuolewa Ujiji, aliniita kwenye harusi moja. Nikakaa kwake siku kumi nikila samaki ambaye kwetu ni mukeke na kwao ni mgebuka, kisha nikapanda boti Kibirizi pamoja na shemeji yangu hadi Gombe, kwa kuwa barabara ya kufika huko hakuna. Ni hifadhi ndogo, takriban kilomita za mraba 52: ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, mtafiti wa sokwe Jane Goodall akafika tarehe 14 Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Nililipa kiingilio cha mgeni wa mbali, mimi ambaye milima ya kwetu huonekana ng'ambo siku ya anga safi, na nakiri kwamba nililipa kwa uso uliokunjamana.

Mwongozaji, kijana mwenye adabu, aliuliza natoka wapi. Nilipomjibu, alicheka kidogo. "Mwalimu, watu wa ng'ambo yenu walikuja hapa usiku." Nilijua anasema nini. Mwezi wa Mei 1975 wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila, waliokuwa na ngome yao katika milima ya Fizi, walivuka ziwa wakawateka wanafunzi wanne wa utafiti, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, ambao baadaye wote waliachiliwa. Baada ya mkasa ule kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kuandika habari zao ilibaki mikononi mwa wenyeji wa Kigoma, na kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosimuliwa.

Njia ya kwenda maporomoko ya Kakombe hufuata bonde la kijito, chini ya miti iliyofunikwa na kamba za mwituni, na hapa na pale michikichi, ambayo sokwe hula matunda yake kama sisi tunavyokamua mawese yetu. Hapana mteremko wa kumtisha mtu. Tulitembea polepole, na mahali fulani njia ilipopinda, yule kijana aliinua mkono akasema tunyamaze, maana sokwe huenda wakawa karibu. Sokwe hawakuwapo. Ila chini ya ukimya ule ilinijia sauti niliyokuwa sijaisikia tangu utotoni, na magoti yangu yakalegea, hata shemeji akadhani nimeugua.

Maji ya Kakombe huanguka kutoka kimo cha mita 25 hivi, kati ya kuta za mwamba zilizovaa kangaga, na upepo wake hupeperusha majani kabla hujafika. Goodall aliandika kwamba sokwe dume hufika mbele ya maporomoko wakayumbayumba kwa mguu mmoja hadi mwingine, wakabembea kwa kamba na kutupa mawe, kisha wengine wakaketi wakitazama maji. Mimi sikuyumba, nilinyoosha mkono kuchuma jani nikunje kikombe, na kijana akanizuia kwa upole: "Humu hatuchumi, Mwalimu." Nikanywa kwa kiganja.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 niliisikia tena sauti ya maji nikiwa kitandani Uvira, lakini haikuwa ile. Mvua ilinyesha juu ya milima isiyo na kitu cha kuizuia, mto Mulongwe ukashuka na mawe yakigongana ndani yake kama magari ya moshi, ukachukua nyumba kwa maelfu na makumi ya watu, na mtambo uliokuwa ukiupa mji maji ya bomba kutoka mto huohuo ukavunjwa, hata tuliozungukwa na maji hatukuwa na ya kunywa.

Mwaka 2023 nilirudi Gombe na mpwa wangu, binti wa miaka 18 aliyezaliwa Ujiji na asiyepata kuiona Uvira. Kutoka botini niliona kwamba vilima vilivyo nje ya mstari, vilivyokuwa vitupu siku ile ya kukimbia, vimeanza kuwa na vichaka, kwa kuwa vijiji vimetenga misitu yao wenyewe. Malangoni karani aliitazama pasipoti yangu, akakumbuka kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia, akatabasamu: "Basi sasa wewe ni jirani, mzee."

Tulipofika penye pindi, binti alisimama mwenyewe, akatazama juu kupitia majani. "Mjomba, mvua inakuja?"

Nikamshika bega. "Nyamaza usikie."