Kesi ya mauaji ikiisha, mtoto bado anasubiri kuelezwa

Nilikuwa darasa la tano hapa Babati wakati baba wa rafiki yangu alipokamatwa kwa tuhuma za mauaji. Tulikuwa tunakaa dawati moja. Jioni hiyo mama aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, kuanzia kesho usiongozane na yule mtoto." Sikuuliza sababu. Kesho yake nikahamia dawati la nyuma.

Ndani ya wiki moja rafiki yangu alikuwa hana jina tena. Shule nzima ilimwita "mtoto wa muuaji". Muhula haujaisha akaacha kuja. Tukasikia amepelekwa kwa bibi yake Mbulu.

Baba yake aliachiwa huru miaka minne baadaye. Habari hiyo haikuvuma kama ile ya kukamatwa kwake.

Watu wa Manyara tunazipenda habari za kesi. Kesi za Msuya tulizifuatilia kama tamthilia, stendi, saluni na kwenye simu. Erasto Msuya alikuwa mfanyabiashara wa tanzanite, madini yanayochimbwa Mirerani, mkoani kwetu. Aliuawa kwa risasi Agosti 7, 2013, wilayani Hai. Mei 2016 ndugu yake, Aneth, naye akauawa nyumbani kwake Kigamboni, Dar es Salaam. Julai 2018 Mahakama Kuu Moshi iliwahukumu washtakiwa watano adhabu ya kifo kwa mauaji ya Erasto. Katika kesi ya Aneth walishtakiwa mjane wa Erasto na mfanyabiashara mmoja. Februari 23, 2024, Mahakama Kuu Dar es Salaam iliwaachia huru wote wawili.

Siku ile simu yangu ilijaa ujumbe. Wengi walikuwa wanabishania hukumu. Mimi nilijikuta napiga hesabu nyingine. Shtaka la mauaji halina dhamana, kwa hiyo washtakiwa wale walikuwa mahabusu tangu 2016. Mtoto yeyote aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule, siku ya hukumu alikuwa kidato cha pili. Na watoto wa aliyeuawa nao wanakua miaka hiyo hiyo, bila mzazi wa kusubiri atoke. Hukumu inamaliza kesi, lakini miaka ile hairudi kwa mtoto wa upande wowote.

Mwaka jana nilikwenda kliniki moja ya mama na mtoto kuandika habari za chanjo. Kwenye benchi nikamwona yule rafiki yangu, amebeba mtoto wa miezi kama tisa. Tulitazamana kwanza, kisha akacheka. "Shoga, umekuwa mtu mkubwa."

Nilimwomba msamaha kwa lile dawati. Akasema lile alishalisahau. Kilichomuuma ni kingine.

"Hakuna mtu mzima aliyeniita akaniambia kinachoendelea. Kwamba baba amekamatwa, nilisikia shuleni. Kwamba ameachiwa, nilisikia kwa jirani. Bibi alikuwa ananiambia baba kasafiri. Nilikuwa najua si kweli, nikawa naogopa kumuuliza, asije akalia."

Katika kazi yangu nimezungumza na maofisa ustawi wa jamii wengi kuhusu watoto wa namna hii. Wanachosema kinafanana. Mtoto asipoelezwa hujijazia mwenyewe, na anachojijazia mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli. Wapo wanaorudia kukojoa kitandani, wapo wanaopigana ovyo, wapo wanaonyamaza na kushuka masomoni. Mwalimu anaona utundu, kumbe ni hofu.

Maelezo hayahitaji kuwa marefu. "Baba amekamatwa. Watu wanasema alimuua mtu. Mahakama bado haijaamua. Si kosa lako, na mimi nipo." Mtoto wa miaka saba anayaelewa hayo. Mkubwa zaidi aelezwe tofauti ya mshtakiwa na mtu aliyetiwa hatiani. Aliyefiwa naye aambiwe wazi kwamba mzazi amekufa, asiambiwe amelala au amesafiri. Picha za maiti na za mahakamani zisisambazwe kwenye makundi ya wazazi, kwa sababu simu hizo hizo watoto wanachezea gemu. Ukizidiwa, mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya mtoto, ni bure.

Na wewe ambaye kesi si ya nyumbani kwako, una kazi pia. Siku hizi Mahakama Kuu inasikiliza kesi za mauaji hapa hapa Babati. Watoto wa washtakiwa na watoto wa marehemu wanasoma na wanao. Kabla hujamwambia mwanao ahame dawati, fikiria mtoto anayebaki pale peke yake.

Nilimsimulia mama yote haya. Aliacha kuchambua mchele, akakaa kimya muda. "Niliogopa, mwanangu," akasema. "Niliona nakukinga. Maneno ya kukueleza sikuwa nayo."

Kisha akaniomba namba ya simu ya rafiki yangu. Nilimpa. Walizungumza karibu nusu saa, mama akiwa uani, na sikumuuliza walichoongea.