Mulongo, Wajina Wangu wa Lualaba

Mara mbili maishani nimepokewa uwanja wa ndege na mtu aliyekuja kumpokea Mjapani. Ameshika karatasi iliyoandikwa KATO, na macho yake yananipita yakitafuta abiria wa nyuma yangu. Mara ya pili nilisimama mbele yake dakika nzima, nikimtazama anavyonikwepa. Simlaumu. Kato ni miongoni mwa majina kumi ya ukoo yaliyoenea zaidi Japani. Yuko Kato Kiyomasa, jemadari aliyefariki mwaka 1611, na uko mji wa Kato katika mkoa wa Hyogo. Ukilitaja jina hilo mbele ya ulimwengu, ulimwengu unafikiria Tokyo. Haufikirii Kyerwa.

Kwetu Kagera, Kato si jina la ukoo hata kidogo. Ni jina la mimba. Wakizaliwa mapacha wa kiume, wa kwanza ni Ishengoma na wa pili ni Kato, na hapo wazazi hawana la kuchagua. Baganda nao wana Wasswa na Kato. Mimi nilichelewa kutoka, nikawa Kato, na kaka yangu bado ananikumbusha kila tunapogombea kiti cha mbele cha gari.

Sasa, pacha kwetu ni mulongo, au murongo, kutegemea ulimi wa anayesema. Na ukilizunguka Ziwa Viktoria hadi Bungoma, Wabukusu humwita pacha wa kwanza Mukhwana na wa pili Mulongo. Yaani Bungoma mimi ndiye Mulongo. Kwa hiyo siku nilipoona kwenye ramani ya Kongo, kandokando ya Mto Lualaba, mji umeandikwa Mulongo, nilijua nitakwenda. Pwani mtu wa jina lako ni somo wako. Bara tunasema wajina. Wako watu waliosafiri mbali kwa sababu dhaifu kuliko kumwamkia wajina.

Njia yangu ilipita Lubumbashi, na huko Ujapani ulinifuata tena. Mzee mmoja niliyekaa naye mezani, mbele yetu bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, aliposikia jina langu aliweka tonge chini. "Kato? Weye ni muntu ya Musoshi?" Musoshi ni mgodi wa shaba karibu na Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kampuni ya Kijapani, Nippon Mining, ndiyo iliyouanzisha, ukaanza kutoa shaba mwaka 1972, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wajapani wakafunga mizigo wakaondoka. Kwa miaka ile walikuja wanaume kwa mamia, wengi bila wake zao. Waliacha mashimo, mitambo, na watoto. Watoto hao leo ni watu wazima, wamelelewa na mama zao na bibi zao, na baadhi yao wameunda chama cha kutafuta baba zao. Wapo wenye jina la Kijapani na Kiswahili cha Katanga, ambao Japani hawajaikanyaga. Mzee alinitazama usoni muda mrefu, kisha akacheka: "Hapana. Weye hapana wa kwao." Nikamaliza sombe yangu. Lakini tangu siku ile sikulichukulia tena jina langu kama kichekesho cha uwanja wa ndege tu. Kuna watu ambao jina kama hili ndilo urithi wote waliopewa na baba.

Kutoka Lubumbashi nilikwenda Bukama. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kuanzia hapo Lualaba inapitika kwa vyombo hadi Kongolo, zaidi ya kilomita 600 za maji. Boti ni za mbao, ndefu, zenye injini inayokohoa, na huondoka zikijaa. Ratiba haipo. Niliketi juu ya magunia ya chumvi, kulia kwangu mama mwenye watoto watatu na mbuzi, kushoto kijana aliyebeba redio na betri ya gari, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika bonde la Upemba.

Nimeona mito. Kagera yetu naijua tangu utotoni. Lakini sikuwahi kuona mto unaosita namna hii. Baada ya Bukama Lualaba inapunguza mwendo, inajitawanya katika maziwa na vinamasi, kiasi kwamba huwezi kusema mto umeishia wapi na ziwa limeanzia wapi. Mafunjo yanasimama kama mahindi pande zote mbili. Katika Ziwa Kisale kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na juu yake wavuvi wamejenga vibanda, moto unawaka, samaki wanakaushwa kwa moshi juu ya maji. Mtoto mmoja alitupungia mkono kutoka kwenye kisiwa ambacho, nina hakika, kilikuwa kinasogea. Kandokando ya ziwa hilohilo, mahali paitwapo Sanga, wanaakiolojia walianza kuchimba mwaka 1957 wakakuta makaburi ya watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakiwa na vyungu vyao, mapambo yao, na katika makaburi ya karne za baadaye, misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Watu wamekaa hapa muda mrefu sana wakila samaki. Na kambale wa Kisale aliyekaushwa, akapikwa kwa mawese na pilipili, anakueleza kwa nini hawakuhama.

Siku ya tatu, baada ya Malemba-Nkulu, tukafika.

Mulongo haina jumba la kukufanya ushtuke. Ina gati la udongo lililolainishwa na nyayo, ina miembe, ina michikichi, nyumba za tofali mbichi na nyasi, nyingine za bati, ina misheni na zahanati na mashule. Ina mwanga wa jioni unaokuja kutoka mtoni na kupaka kila kitu rangi ya mawese, hata mbwa. Hapa ni nchi ya Waluba, mkoa wa Haut-Lomami, ambao makao yake makuu ni Kamina, magharibi kabisa, mji wa reli. Vita ya mwaka 1998 na vurugu zilizofuata ziliwakimbiza watu wengi wa wilaya hii ya Malemba-Nkulu kutoka vijijini mwao. Wanazungumza habari hizo mara chache, na wakizungumza hawapandishi sauti. Mimi waliniuliza zaidi kuhusu bei ya samaki Bukoba.

Niliwaeleza wazee waliokuwa wamekaa chini ya mwembe sababu ya safari yangu. Nilipiga makofi taratibu kama nilivyofundishwa botini, nikasema "Eyo Vidye", wakacheka matamshi yangu, wakanipa kiti. Nikaeleza: kwetu mulongo ni pacha, nami ni pacha, nimekuja kumsalimu wajina. Wakasikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa. Kisha mmoja akasema, bila haraka, "Tata, hapa mulongo hapana mapasa. Mulongo ni mustari."

Mstari. Safu. Hata Wabemba wa Zambia husema hivyohivyo kwa watu waliopanga foleni. Nikakumbuka mlolongo wetu wa Kiswahili, neno la damu moja na hilo. Wakenya wa rika fulani hawajausahau uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wapiga kura wakijipanga nyuma ya wagombea, na nje ya Nairobi kuna mji mzima uitwao Mlolongo, kwenye barabara ya Mombasa, ambako malori hujipanga kwenye mizani. Basi nimesafiri siku nyingi hivi kuja kumwamkia foleni.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. "Mapasa, ya kwanza ni Kyungu, ya pili ni Kabange. Weye ulitoka wa ngapi?" Nikasema wa pili. "Basi weye ni Kabange." Likaisha hilo. Kuanzia dakika ile hadi nilipoondoka, hakuna mtu Mulongo aliyeniita Kato. Magharibi zaidi, kwa Waluba wa Kasai, wangeniita Kabanga, na kaka yangu Mbuyi. Katika eneo hilo lote la Afrika kiti changu kilikuwa kimeshawekwa, kinangoja tu mtu aliyetoka wa pili aje akikalie.

Jioni hiyohiyo mama mmoja muuza mawese alivuka njia kuja kunishika mkono. "Majina yangu!" Huko Kongo wajina huitwa majina, na yeye alikuwa Kabange. Nilikaa karibu naye nikamwangalia akifanya kazi. Anamimina mawese mekundu, yangali vuguvugu, kwenye bido, dumu la njano, kwa kata ya kibuyu, hamwagi tone. Bido likijaa anafunika mdomo kwa kipande cha mfuko wa plastiki, anakaza kifuniko juu yake, kisha anazungusha uzi wa nyavu mara saba, anavuta fundo kwa meno. Analigeuza juu chini, anasubiri, anapitisha kidole kwenye shingo ya bido, anakitazama. Kikavu. Ndipo linakwenda kwa vijana wa kinga, baiskeli, ambazo zinapakiwa mabido hadi baiskeli yenyewe haionekani, na kusukumwa kwa miguu siku kwa siku kuelekea kwenye masoko ya mbali. Alfajiri zilikuwa zimejipanga kumi na mbili njiani, moja nyuma ya nyingine. Nikaelewa mustari.

Katika nchi hii mtu na mahali huazimana majina kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Kabongo ni mji. Kabongo ni mfalme. Kasongo Nyembo ni uchifu wa upande wa Kamina. Kasongo Nyembo ni mtawala aliyewasumbua Wabelgiji hadi walipomkamata mwaka 1917. Zamani ilikwenda mbali zaidi. Mfalme wa Waluba, mulopwe, alipofariki, mji wake haukurithiwa. Uligeuka kitenta, makao ya roho yake, na mwanamke mmoja, mwadi, akawa ndiye mfalme huyo: roho ilikaa ndani yake, watu walimjia kwa heshima ya mfalme. Jina moja likawa mtu, kisha mji, kisha mwanamke. Wenye kazi ya kukumbuka, watu wa chama cha Mbudye, waliweka haya yote katika lukasa, ubao mdogo uliopachikwa shanga na kome, wakapapasa kwa ncha za vidole na kusoma wafalme na mahali pamoja. Shanga moja yaweza kuwa mtu, yaweza kuwa mji. Aliyefundishwa anajua.

Japani ilikuwa kinyume chake. Wakulima wengi hawakuwa na jina rasmi la ukoo hadi serikali ilipowalazimisha mwaka 1875, nao majina mengi ya huko yanatokana na ardhi: Tanaka ni katikati ya mashamba ya mpunga, Yamamoto ni chini ya mlima. Kule ardhi iliwapa watu majina. Huku watu waliipa ardhi. Mimi naona Waluba walikuwa wakarimu zaidi, ingawa nakiri napendelea upande ulionipa kiti.

Liko jambo jingine nililobeba kutoka nyumbani. Kwetu Kyerwa, kwenye Mto Kagera, ng'ambo ya Kikagati ya Uganda, kuna kituo cha mpaka kiitwacho Murongo. Murongo kwenye Kagera, Mulongo kwenye Lualaba. Maji ya Kagera yanaingia Ziwa Viktoria, yanakuwa Naili, yanafika Mediterania. Maji ya Lualaba yanakuwa Mto Kongo, yanafika Atlantiki. Livingstone alifika Nyangwe, chini zaidi kwenye mto huu, mwaka 1871, akiamini kwa moyo wote kwamba Lualaba ni Naili. Akafariki mwaka 1873 na imani yake. Mwaka uliofuata mpelelezi mwingine, Cameron, alipima mwinuko wa Nyangwe akaona uko chini kuliko Naili ya Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Stanley akaufuata mto hadi Boma mwaka 1877, ubishi ukaisha. Mtu huweza kuwacheka wazee wa ramani. Mimi siwezi. Nimewahi kudhaniwa mwingine kwa sababu ya jina, na najua jinsi mto unavyoweza kuchanganywa na pacha wake.

Usiku wa mwisho nilimpigia kaka yangu kutoka juu ya gati, mahali pekee mtandao ulipokubali. Nikamwambia huku yeye ni Kyungu. Akauliza kama Kyungu ndiye wa kwanza. Nikamwambia ndiye. Akasema basi ni mahali pazuri.

Ukitaka kwenda, nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kabla mvua hazijaifunga barabara ya Bukama. Beba chumvi ya zawadi na kitu cha kujikinga na jua botini. Ukishuka Mulongo, sema umetumwa na Kabange. Watakuuliza Kabange yupi, maana wako wengi.