Mkanda Uliong'aa Juu ya Kikapu

Katika ndoa yetu tumemwomba Bwana mambo mengi. Tumeombea mvua za vuli. Tumeombea mikorosho isishikwe na ubwiri. Tulimwombea bibi, mama mzazi wa baba wa nyumba hii, alipolala kitandani miezi mitano bila kuinuka. Jambo dogo kuliko yote tuliyowahi kupeleka mbele za Bwana ni mkanda wa saa, na wapendwa mtatuvumilia tukilieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo lililotuchukulia usiku mwingi. Baba ndiye mwenye mkono, mama ndiye mwenye kalamu. Tumeandika pamoja, na pale tulipobishana tumeuacha ubishi uonekane.

Bibi alizikwa hapa hapa Mzenga, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Majirani zetu Waislamu walichimba kaburi pamoja na sisi, kwaya ikaimba, na watu wakala. Kijana wetu mkubwa, aliyelelewa mgongoni kwa bibi huyo, alikuwa Dubai na hakupata ruhusa ya kuja. Alipiga simu mara tatu siku ile, na mara zote tatu hakuna aliyeweza kuzungumza. Baada ya hapo simu zake zikawa fupi. Alituma fedha, aliuliza habari za afya, akakata. Jina la bibi hakulitaja tena.

Mwezi wa tisa baada ya msiba, mtu aliyetoka huko alituletea kifurushi. Ndani yake mlikuwa na saa ya Uswisi, nzito, yenye uso mweupe na mishale myembamba, na karatasi yenye maneno machache: baba avae kila Jumapili. Ilikuja ikiwa mbele kwa saa moja, kwa kuwa Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Baba hakuirudisha nyuma. Anasema kupunguza saa moja kichwani si kazi, na kwa njia hiyo anajua kijana wake yuko saa ngapi.

Saa yenyewe haikuwa na tatizo. Ilikuwa ya kimya, na mtu asiyejua saa angeiona ni ya kawaida tu. Tatizo lilikuwa mkanda. Ulikuwa wa ngozi nyeusi iliyochorwa magamba kama ya mamba, nao uling'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Ukisogeza mkono dirishani, mwanga ulirukia ukutani, na watoto wa shule ya Jumapili wakaufuata kwa vidole.

Hapo ndipo panapohitaji maelezo. Baba ni mzee wa kanisa, na zamu yake ni kukusanya sadaka. Kikapu chetu hakina mpini mrefu. Mkusanyaji anakinyoosha kwa mkono wake mbele ya kila mtu, benchi kwa benchi, na macho ya mtoaji yanatua pale pale mkono unapokishika. Kwa hiyo kila aliyetoa sadaka katika kanisa letu, kwa Jumapili nne mfululizo, aliitoa chini ya mkanda ule. Paa letu lilikuwa linavuja upande wa kwaya, na tangazo la michango ya mabati lilisomwa kila wiki.

Jumapili ya nne, mama mmoja mjane alifungua pindo la khanga yake taratibu, kama anavyofanya siku zote, akatoa sarafu ya shilingi mia mbili. Akaishika juu ya kikapu. Akautazama mkanda, kisha akamtazama baba, akauliza kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote, "Mzee, hii mia mbili yangu itaonekana humo?"

Baba akamjibu, "Itaonekana, mama." Akaendelea na benchi lililofuata. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Ndugu mmoja wa jumuiya yetu alikuja jioni, akatukumbusha Waraka wa Yakobo, sura ya pili, habari ya mtu anayeingia katika kusanyiko akiwa na pete ya dhahabu na mavazi mazuri. Tuliisoma pamoja naye. Mama alisema, na bado anasema, kwamba Yakobo hamgombezi mwenye pete. Anawagombeza waliomkimbilia na kumpa kiti kizuri huku wakimwambia maskini akae chini. Ni kweli, ukisoma vizuri ndivyo ilivyo. Lakini baba alisema jambo ambalo hatukuweza kulipangua: yule mwenye pete alikuwa mgeni aliyeingia na kuketi, yeye ndiye anayezunguka na kikapu.

Tufanye nini, basi? Mashauri yalikuja mengi, kama kawaida ya kijiji. Wa kwanza alisema iuzwe, fedha zinunue mabati. Wa pili alisema avae shati la mikono mirefu. Wa tatu, kijana wa bodaboda, alisema upakwe mafuta ya nazi, na huyo tulimshukuru tu, kwa maana mafuta yangeongeza mng'ao na kuozesha nyuzi za mshono. Kuhusu shati refu, tulibishana. Baba aliona ni uongo: ukificha kitu mbele ya watu wa Mungu, umekiri kwamba hakifai, na bado unacho. Mama alimkumbusha Musa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, kinaeleza kwamba Musa aliposhuka mlimani, ngozi ya uso wake ilikuwa inang'aa na mwenyewe hakujua. Watu wakaogopa kumkaribia. Akazungumza nao, kisha akaweka utaji usoni, na kila alipoingia mbele za Bwana aliuondoa. Hakuwa anadanganya mtu. Baba akasema mng'ao wa Musa ulitoka kwa Bwana, na huu umetoka kwenye kopo la rangi. Mama akajibu, basi huu una haki ndogo zaidi ya kuwaogopesha watu. Tukalala hivyo.

Kuuza lilikuwa jambo gumu zaidi, na hatukuwaeleza watu sababu. Saa ile ilikuwa ndiyo maneno ambayo kijana wetu hakuweza kuyasema kaburini. Mtu akikuomba radhi, unaichukua radhi ile ukaipeleka sokoni, hata kwa kusudi la mabati ya nyumba ya Mungu?

Tulipanda gari asubuhi hadi Kisarawe, tukashuka Pugu na Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, tukamtafuta fundi saa mmoja tuliyeelekezwa, mwenye sanduku la kioo na mwavuli. Wazo letu lilikuwa rahisi: atuvulie mkanda ule, atufungie mwingine mnyonge, wa bei ya chini. Fundi aliiweka lenzi jichoni, akaigeuza saa, akanyamaza. Kisha akasema, "Wazee wangu, hii msitembee nayo hapa mkononi." Akatueleza kwamba saa ni ya kweli na imetumika miaka mingi, ila mkanda si wake. Mkanda si wa mamba pia. Ni ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba, mpya kabisa, na wala si ya bei kubwa.

Tulimpigia kijana wetu simu pale pale, kelele za Kariakoo zikiwa pande zote. Alichelewa kujibu. Akasema saa alipewa na tajiri wake alipotimiza miaka kumi kazini. Ilikuwa ya tajiri mwenyewe, na mkanda wake wa zamani ulikuwa umechanika. "Mkanda ndio nilionunua mimi, baba. Nilitafuta unaong'aa kuliko yote dukani."

Baba alimrudishia mama simu. Fundi alikuwa tayari ametoa mkanda mwingine wa kufunga, wa kahawia. Mama akamwambia aurudishe.

Sasa swali likawa jingine. Tulihitaji kuondoa mng'ao bila kuuondoa mkanda. Fundi alicheka kidogo, lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na yale aliyotufundisha tunayaweka hapa kwa faida ya yeyote. Ngozi hung'aa kwa namna mbili. Kuna ngozi inayosuguliwa kwa jiwe gumu laini mpaka yenyewe inatoa mwanga. Hiyo usiiguse, uivae tu, na jasho la mkono litaituliza kwa miaka. Na kuna ngozi iliyopakwa rangi na vanishi juu, ambayo mng'ao wake si wake. Kuzitambua, unachukua pamba yenye spiriti kidogo, unapangusa mahali pasipoonekana, kwenye ncha inayojificha chini ya kishikizo. Pamba ikitoka na rangi, huenda ni vanishi. Yetu ilitoka nyeusi.

Alichomoa zile pini mbili ndogo za springi zinazoshika mkanda, akaifunga saa katika kitambaa na kuiweka kando, maana spiriti na saa havipatani. Kisha akapangusa mkanda kwa mizunguko midogo, pamba baada ya pamba, bila kuulowesha. Msasa alikataa kabisa. Alisema unakula ngozi bila huruma, na hakuna wa kuirudisha. Petroli pia hapana. Aliuacha ukauke kivulini, si juani, kwa kuwa ngozi iliyovuliwa vanishi ikipigwa na jua hupasuka. Mwisho alichukua nta ya nyuki kiasi cha punje ya mahindi, akailainisha kwa joto la vidole, akaipaka na kusugua kwa kitambaa cha fulana. Kazi nzima ilichukua karibu saa mbili. Alikuwa akizungumza muda wote, akatusimulia mpaka habari za Njombe alikokulia, ambako magome ya miwati hutoa dawa ya kutengenezea ngozi, na kiwanda chake kipo huko huko.

Tukiwa tumekaa kwenye viti vyake vya plastiki, mama alimkumbuka Simoni wa Yafa, yule mtengenezaji wa ngozi katika Matendo ya Mitume. Kazi yake ilikuwa ya kushika mizoga, na Wayahudi wengi waliikwepa kwa unajisi wake na harufu yake. Petro alikaa nyumbani kwake siku nyingi. Ilikuwa ni juu ya dari ya nyumba hiyo alipoonyeshwa ile nguo kubwa yenye wanyama wa kila namna, na ni mlangoni pa nyumba hiyo wajumbe wa Kornelio walipofika. Hatujawahi kusikia mahubiri juu ya Simoni mwenyewe. Tungependa kuyasikia.

Vanishi ilipoisha, magamba ya mamba yalififia, na karibu na tundu la tatu pakaonekana mstari mwembamba uliopinda, kama urefu wa ukucha. Fundi alisema ni kovu. Ng'ombe alichunwa na mwiba akiwa hai, akapona, na alama ikabaki. Ngozi nyingi zenye makovu, alisema, hupakwa namna ile ili zisionekane. Akauliza kama tunataka alifunike kwa rangi. Tulisema hapana, sote wawili kwa mara moja, jambo ambalo katika safari nzima halikuwa limetokea.

Jumapili iliyofuata baba alizunguka na kikapu kama kawaida. Yule mama alitoa mia mbili yake, akaitumbukiza, akafunga pindo. Hakuangalia mkono wa mtu. Mabati tuliyachangia kwa korosho zetu msimu ulipofika, magunia mawili yaliyopigwa mnada nje ya kanisa, na upande wa kwaya hauvuji tena, ingawa sasa mlango ndio unaosumbua.

Kijana wetu alipiga simu ya video usiku mmoja. Kwetu ilikuwa saa tatu, kwake saa nne, kama saa ilivyoonyesha. Aliomba auone mkono wa baba. Baba akausogeza karibu na taa. Kijana akautazama muda mrefu, akauliza kama tumebadilisha mkanda. Tukamwambia ni ule ule wake.

"Na hiyo alama?"

"Ilikuwemo," baba alisema. "Ilikuwa chini."

Akanyamaza, tukadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, siku ile ya bibi, ni nani aliyebeba msalaba mbele ya jeneza. Tukamwambia ni mdogo wake. Akauliza kama aliweza kuufikisha, maana alikuwa bado mdogo. Tukamweleza jinsi alivyoufikisha, na nani alimsaidia pale kwenye mteremko, na nyimbo zilizoimbwa, moja baada ya nyingine, mpaka bando likaisha.